Bomba la Ndani ya Nyumba

Kitu cha kwanza kuniogopesha kilikuwa sauti ya maji. Nilikuwa nimeshuka basi la jioni pale Ngong Road, nikakata kona kuingia mtaa wetu wa Woodley, na kabla sijafika kwenye ua wa michongoma nikasikia bomba la jikoni kwetu likimwaga. Mtu anayeosha vyombo hufungua na kufunga. Maji haya yalikuwa yanakwenda tu.

Nilimkuta mke wangu ameketi kwenye kigoda mbele ya sinki, mtoto wetu wa miezi saba amelala mgongoni kwake. Maji yalikuwa yamefurika hadi sakafuni, na nyayo zake zilikuwa ndani ya maji hayo. Hakugeuka niliposukuma mlango.

"Mama, bomba," nikasema.

"Nimeona."

"Mbona hulifungi?"

"Nangoja wengine waje."

"Wengine wepi?"

Nikanyoosha mkono nikalifunga. Nilichukua kitambaa nikaanza kupangusa sakafu nikiwa na suruali yangu ya ofisini, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya, na nilipangusa kwa haraka kama mtu anayeficha damu.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, wakati makarani weusi tulipoanza kupewa nyumba ambazo kabla ya hapo tulizijua kwa nje tu. Sisi tulitoka magharibi mwa nchi, na maisha yetu ya kwanza Nairobi yalikuwa Riruta, upande ambao siku hizi watu huuita Satellite, katika chumba kimoja cha mbao na mabati. Bomba moja lilihudumia ploti zote za upande ule. Kila alfajiri mke wangu alibeba debe akaenda kupanga foleni, nami nilibaki kitandani nikimhurumia. Huruma hiyo ilikuwa ya kweli. Naisema mapema kwa sababu mabaya yote niliyofanya baadaye yalitoka humo.

Nilipopandishwa cheo tukapewa nyumba Woodley. Siku ya kwanza nilimshika mkono nikampeleka jikoni, nikafungua bomba, nikafunga, nikafungua tena.

"Umeona? Foleni imekwisha."

Alicheka, akaweka kiganja chini ya maji. Kisha akauliza, "Sasa asubuhi nitasalimiana na nani?"

"Na mimi," nikasema.

Sikusalimiana naye. Asubuhi nilikunywa chai nimesimama, nikakimbilia basi.

Kuna jambo jingine la siku ile ya kuhama. Mke wangu alikuwa na chungu kilichotobolewa matundu madogo chini. Kwetu akina mama huchoma maganda makavu ya maharagwe, hutia majivu yake katika chungu cha namna hiyo, humimina maji juu, na maji hayo huchujika polepole, tone kwa tone, yakawa ya rangi ya chai. Tunayaita munyu. Hutiwa kwenye mrenda na kunde, mboga ikalainika. Kule Riruta alikuwa na mahali pake pa kufanyia kazi hiyo, nyuma ya ploti, juani, na wanawake wengine walikuja na mboga zao wakakaa hapo kuzichambua mpaka tone la mwisho. Mimi niliona moshi tu. Nilijiuliza majirani wa Woodley, watu wa ofisi kubwa, watasema nini wakimwona mke wa karani anachoma maganda uani. Kwa hiyo tulipokuwa tukipakia vyombo nilikichukua kile chungu nikakitupa shimoni nyuma ya ploti, kikiwa kizima. Nilimwambia kimevunjika garini.

"Vipande viko wapi?" akauliza.

"Nimetupa njiani."

Miezi mitatu baadaye alikuwa amekaa na miguu ndani ya maji.

Sikuyaona yakija. Au niliyaona nikayapa majina mengine. Aliacha kusuka nywele, nikasema ni mtoto anamchosha. Aliacha kulala, nikasema atazoea nyumba. Mapazia hayakufunguliwa mchana, nikasema anaogopa jua lisichakaze viti. Alipika ugali akausahau mezani, akaniambia amekwisha kula, na vidole vyake vilikuwa vimekonda mpaka pete ikawa inazunguka. Lakini baada ya siku ya maji sikuwa na jina lingine. Lilibaki lile moja, na nililiogopa kuliko kifo.

Nilipokuwa mdogo nilimwona mtu wa kijiji chetu akipandishwa basi la Nairobi akiwa amefungwa kamba, anapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Alikuwa fundi wa baiskeli, mtu wa mizaha. Kamba ile ndiyo niliyoiona kila nilipomtazama mke wangu. Ofisini nilikuwa naandika barua na mkono ukasimama katikati ya neno. Simu ya mkubwa ikilia, nilijua: wananitafuta mimi, kuna jambo nyumbani. Ndani ya basi nilianza kuhesabu vituo kwa sauti ndogo, na jirani yangu kwenye kiti akasogea.

Sikumwambia mtu. Wa kwanza kufichwa alikuwa jirani wa ua wa pili, mama mmoja wa Machakos aliyekuwa nesi katika kliniki ya mjini. Kila nilipoona lile gauni jeupe juu ya michongoma nilifikiri, huyu akijua ataandika karatasi, na karatasi italeta gari. Siku moja aliniita kutoka upande wake.

"Bwana, mama mtoto yuko? Simwoni."

"Yuko. Ameenda sokoni."

"Jana pia ulisema sokoni."

"Anapenda soko," nikasema, nikaingia ndani mgongo ukiwa umelowa jasho.

Baada ya hapo nikaanza kufunga mlango kwa nje. Hili sitalipamba. Kila asubuhi nilimwachia mke wangu chai kwenye chupa, nikatoka, nikazungusha ufunguo, nikautia mfuko wa ndani wa koti. Nilijiambia nazuia asipotee na mtoto. Hiyo ilikuwa kweli. Kweli ya pili ni kwamba niliogopa ataonekana. Nimezeeka na bado sijui ipi ilikuwa kubwa. Nilimfungia mtu mgonjwa na mtoto mchanga ndani ya nyumba, na jioni nilipofika mlangoni nilisimama kwanza na ufunguo mkononi, nikisikiliza. Maji yakimwagika, niliogopa. Kukiwa kimya, niliogopa zaidi.

Yaliendelea hivyo majuma matatu.

Jumamosi tulifanya kazi nusu siku. Jumamosi ile nilifika nyumbani saa nane, jua kali, nikasimama mlangoni kama kawaida. Maji yalikuwa yanamwagika. Nikafungua. Sinki limefurika, kigoda kiko pale pale, hakuna mtu. Nikaingia chumbani: kitanda kimetandikwa. Leso ya kubebea mtoto haipo. Nikarudi jikoni, nikafunga bomba, na ndipo nikaona dirisha lililo wazi, na juu ya fremu yake alama ya unyayo wa maji iliyokwisha kukauka.

Nilitazama chini ya kitanda. Nilitazama ndani ya pipa la nguo. Nataka mjue akili ya woga inavyofanya kazi: nilijua ametoka kwa dirisha, na bado niliinua kifuniko cha pipa kutafuta mtoto.

"Umemfungulia nani mlango?" sauti ikasema nje.

Nesi alikuwa amesimama kwenye ua wake, mikono kiunoni.

"Mama mtoto..." nikaanza.

"Ametoka na dirisha tangu saa nne. Amefunga mtoto vizuri, ameshika barabara ya kwenda Dagoretti Corner. Nimemwita, amenipungia mkono."

"Mbona hukumzuia?"

"Mimi nimzuie?" Akanitazama mpaka nikashusha macho. "Wewe ndiye askari. Mtu anatoka kwa nyumba yake na dirisha, wewe unaniuliza mimi? Enda, tafuta bibi yako. Ukimpata usimpigie kelele."

Nilikwenda kwa miguu kwa sababu sikuweza kusimama kungoja basi. Niliuliza kila mtu. Muuza viatu pale Corner alisema amemwona mama na mtoto wakielekea juu, lakini hao ni wengi. Kila mfereji niliuchungulia. Palipokuwa na watu wamekusanyika nilipenya hadi mbele, kumbe wanatazama mtu anauza dawa ya mende. Magari yalikuwa yanapita kwa kasi, na kila gari nililipima kama ndilo. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini siku ile nilishindwa kuomba; kila nilipoanza sala iligeuka kuwa hesabu: miezi saba, kilo saba, amefungwa kwa leso moja.

Sikujua ninaelekea wapi mpaka nilipoona nimeingia Riruta. Miguu ilikuwa imefuata njia yake ya zamani. Nikapinda kwenye kibanda cha makaa, na pale bombani, katikati ya foleni ya wanawake na madebe, nikasikia sauti ninayoijua.

"Mama, mimi nilikuwa mbele yako. Usijifanye hunioni."

Ilikuwa ni yeye. Anagombana. Sikuwa nimesikia sentensi nzima kinywani mwake kwa miezi miwili. Alikuwa ameshika debe la kuazima, kichwa wazi, miguu imejaa vumbi, na mtoto alikuwa mgongoni kwa mwanamke mwingine, analamba muwa.

Nilikimbia nikamshika mkono. Foleni yote ikageuka.

"Haya, tazameni! Bwana tai amekuja kuteka maji!"

"Shemeji, umepotea? Ofisi iko huko mjini."

"Labda bomba yake ya ndani imekauka."

Wakacheka. Mwenye sauti ya mwisho alikuwa mama mmoja wa kwetu, mzee kidogo kuliko wengine, muuza mboga, aliyetufahamu tangu siku tulipofika mjini. Akaja akautoa mkono wangu juu ya mke wangu, kidole kimoja kimoja.

"Nimekuja kumchukua," nikasema.

"Zamu yake haijafika."

"Mama, huyu ni mgonjwa."

"Sisi tumeona ni mgonjwa. Tangu asubuhi tumeona. Amefika hapa hana debe, hana viatu, amesimama kwa foleni. Tukamwachia asimame. Akifika mbele anarudi nyuma, anaanza tena. Hii ni mara ya tano. Mara ya kwanza hakusema kitu. Sasa unasikia anapigana." Akanisukuma taratibu. "Shika mkia wa foleni, shemeji. Hata wewe unahitaji."

Nilisimama nyuma ya wanawake wote, na tai yangu, mikono mitupu. Hakuna aliyeniachia nafasi. Ilichukua muda mrefu. Nilisikia wakiulizana mtoto wa fulani amepona kikohozi, nani amehama, sukuma wiki ya wapi ina wadudu. Mke wangu aliulizwa, akajibu. Kila aliyefika alimsalimu kwa mkono. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho niliyomsalimu mimi.

Tulibeba yale maji hadi kwa muuza mboga. Yeye na mke wangu wakaenda nyuma ya nyumba, nikabaki mlangoni na mtoto. Nilisikia wakizungumza kwa lugha yetu, kisha mke wangu akasema jambo fupi ambalo sikulishika. Walipotoka alinitazama, macho kwa macho, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Nilidhani ni furaha. Nilikosea.

Jumapili baada ya kanisa nesi alikuja kwetu bila kualikwa, amevaa kandambili, akaketi jikoni.

"Hiyo michongoma inaficha paka tu, haifichi watu," akaniambia. "Hiyo bomba nimesikia mwezi mzima. Nilikuwa nangoja uniambie. Hukuniambia."

"Niliogopa utampeleka kule."

"Kule wapi? Sema."

Niliinuka kumtafutia kikombe cha chai.

"Hata huko ni hospitali, na watu wanatoka wamepona," akasema. "Lakini kuna akina mama wengi wanashikwa hivi baada ya kuzaa. Si uchawi, si aibu. Kesho atakuja kliniki, daktari amwone. Sasa niambie: kabla mhamie hapa, siku yake ilikuwa namna gani?"

"Alikuwa anateka maji, anapika, anafua..."

"Hiyo ni kazi. Nimeuliza siku yake."

Nilikuwa nimelala chumba kimoja na mwanamke huyu miaka minne na sikujua siku yake. Mke wangu ndiye aliyejibu, polepole, akitazama mikono yake.

"Naamka kabla jogoo wa mwenye ploti. Nakwenda bombani, naongea. Narudi na maji, bega limepata moto. Nakunywa uji nikiwa nje, kwa jua. Halafu nakaa na wenzangu tunachambua mboga. Munyu unachuja. Huwezi kuuharakisha ule, unangoja tu. Mchana mtoto analala, na mimi nalala kidogo. Jioni nimechoka, usiku nalala. Hapa sichoki, na silali."

"Na hapa munyu hufanyi?" nesi akauliza. Hata kwao walijua kitu kama hicho.

Nikasikia joto masikioni.

"Chungu kilivunjika tulipohama," mke wangu akasema.

Nesi akaandika saa ya kliniki kwenye bahasha kuukuu, kisha akaninyooshea kiganja. "Lete hiyo ufunguo."

Nikautoa mfukoni. Hakuuweka. Akampa mke wangu, naye akaufunga kwenye pindo la leso.

Daktari alimpa vidonge vya kumpa usingizi, vya siku chache, akamtaka arudi kila juma. Yaliyobaki, yaliyotushinda na tuliyoyaweza, yalikuwa yetu wenyewe. Nilianza kuamka naye alfajiri, tukatembea na mtoto hadi mwisho wa mtaa na kurudi, tukisalimu walinzi na wapishi waliokuwa wakiingia kazini. Nilitoa kigoda jikoni nikakiweka mlangoni penye jua. Chakula tulikula pamoja, nimeketi. Mara mbili kwa juma alikwenda Riruta na kurudi kwa miguu, na mimi ofisini nilikaa na woga wangu bila ufunguo mfukoni, nikijizuia kukimbia nyumbani. Hiyo ilikuwa zamu yangu ya kuumwa. Zilikuwapo siku alizorudi nyuma, akakaa gizani, na niliposikia maji yakimwagika nilikimbilia jikoni. Lakini siku hizo zilianza kuja kwa nadra.

Ilikuwa karibu na Krismasi muuza mboga alipokuja kututembelea. Alikuwa na furushi la leso kichwani. Akalishusha kwenye ngazi za mbele, akalifungua, na ndani yake kulikuwa na chungu chenye matundu chini, kizima, kina ufa mmoja mdogo mdomoni ambao niliujua.

"Nimekitumia vya kutosha," akasema. "Nilikiokota shimoni siku ile mlihama. Nilimwonyesha mwenyewe siku ya foleni, nyuma ya nyumba, akasema nikae nacho kwanza."

Hakuna aliyenitazama. Nilifahamu basi yale macho ya siku ile yalikuwa nini, na kwamba mbele ya nesi, akiwa hajapona, mke wangu alikuwa ameubeba uongo wangu ili nisiaibike.

"Mama," nikamwambia mke wangu, "mimi ndiye..."

"Najua wewe ndiye," akasema. "Kuna maganda ya maharagwe kwenye gunia. Yachome."

"Wapi?"

"Hapo mbele. Penye jua."

Nikayachoma mbele ya nyumba, mchana wa Jumamosi, moshi ukaingia kwenye madirisha ya mtaa mzima wa wakubwa. Nesi akakohoa kwa makusudi upande wake wa ua, akauliza kama tunachoma karani. Mke wangu akacheka. Akatia majivu, akamimina maji, akasogeza kigoda, na kwa mara ya kwanza akanisogezea na mimi kingine.

Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, na ule ugonjwa ulimrudia mara moja tu, alipojifungua wa tatu. Tulikuwa tumeujua, tukaenda mapema. Sasa niko peke yangu. Bomba likiachwa wazi mahali popote, hata kwa watu, bado nanyanyuka kulifunga. Asubuhi natoka kabla ya jua kupanda, namsalimu kila ninayekutana naye, na kila mtu mtaani anadhani mimi ni mzee mchangamfu tu.

Siku ile kwenye ngazi nilikaa kwenye kigoda changu nikangoja tone la kwanza. Lilichelewa sana. Nikataka kutikisa chungu.

"Kiache," mke wangu akasema.

Nikakiacha.